Jina la Darasani

Katika madarasa mengi ya Kiingereza huko Korea ya Kusini kuna desturi ambayo mgeni huiona siku ya kwanza. Mtoto aliyeingia mlangoni akiwa Min-su huketi kwenye dawati akiwa Kevin. Jirani yake Ji-young amekuwa Jenny. Nyuma yao yuko mmoja aliyejichagulia jina kutoka filamu ya katuni, na mwingine aliyepewa lake na mwalimu kutoka orodha iliyobandikwa ukutani, kwa kuwa zamu yake ilipofika majina mazuri yalikuwa yamekwisha chukuliwa. Kipindi kikiisha wote hutoka nje, wakarudia majina yao ya nyumbani, na yale ya Kiingereza hubaki darasani pamoja na chaki.

Je, jambo hili ni jema? Limebishaniwa kwa miaka mingi, na Wakorea wenyewe na walimu wa kigeni wanaokwenda kufundisha kule. Wapo wasemao kwamba ni mchezo tu, na kwamba mtoto mwenye haya husema zaidi akivaa jina lisilo lake, kama mwigizaji aliyevaa kofia ya mfalme. Wapo wasemao kwamba ni fedheha kwa watu ambao babu zao walinyang'anywa majina kwa amri ya serikali. Mimi si Mkorea na sifundishi Kiingereza. Nilivutwa na suala hili kwa sababu nimefundisha Kiswahili kwa wageni, Wakorea wakiwamo, na sisi nasi tuna tabia ya kumbandika mgeni jina jipya kabla hajamaliza kikombe chake cha kwanza cha chai. Kadiri nilivyosoma historia ya nchi ile, ndivyo nilivyoona kwamba hao wanaobishana mara nyingi hawazungumzii kitu kimoja.

Tuanze na jina lenyewe. Jina la Mkorea kwa kawaida lina silabi tatu. Ya kwanza ni ya ukoo, na mbili zinazofuata ni za mtu mwenyewe. Majina ya ukoo ni machache mno. Katika sensa ya mwaka 2015 akina Kim peke yao walizidi watu milioni 10, yaani mmoja katika kila watu watano. Ukiwaongeza akina Lee na akina Park unakaribia nusu ya nchi nzima. Kwa hiyo mwalimu mgeni anayeita "Kim!", akidhani ametaja jina la mtoto mmoja, hugeukiwa na vichwa vingi kwa pamoja.

Uzito wote, basi, uko kwenye zile silabi mbili za nyuma. Na hata hizo, katika familia nyingi za zamani, moja haikuchaguliwa na wazazi. Ilikwisha pangwa na ukoo vizazi vingi kabla, hivi kwamba ndugu na binamu wote wa kiume wa kizazi kimoja waliishiriki. Mwenye kuijua orodha ya ukoo wake akikutana na ndugu asiyemfahamu, akasikia jina lake tu, hutambua papo hapo kama huyu anamwita kaka, baba mdogo au babu, hata kama kiumri wamelingana. Silabi iliyobaki ndiyo wazazi huichagulia herufi ya Kichina yenye maana wanayoitaka: hekima, uthabiti, mwanga. Yote haya huandikwa katika kitabu cha nasaba kiitwacho jokbo, ambacho familia zilikitunza kama sisi tunavyotunza hati ya shamba, na pengine kwa wivu zaidi.

Jina zito namna hiyo halitamkwi ovyo. Mdogo hamwiti mkubwa wake kwa jina. Mwalimu huitwa mwalimu, kaka huitwa kaka, na mwanafunzi aliyetangulia mwaka mmoja tu ana neno lake la heshima. Mwanamke akishazaa huitwa mama wa mtoto wake, majirani wakaweza kukaa naye miaka ishirini bila kulijua jina lake. Hapa msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa. Akina Mama Asha na Baba Juma tunao kila mtaa.

Lakini kuna upande mwingine ambao wapinzani wa majina ya Kiingereza huusahau. Korea ya kale haikuwa nchi ya mtu mmoja jina moja. Mtoto wa familia ya wasomi aliitwa jina la utotoni, mara nyingine jina baya la makusudi ili maradhi yasimtamani. Akifikia utu uzima alipewa jina jingine la kuitwa na rafiki zake, ili lile la kweli lisichakazwe na vinywa vya watu. Juu ya hayo alijipa lakabu, moja au zaidi, kwa ajili ya mashairi, michoro na barua. Mwandishi mashuhuri wa hati, Kim Jeong-hui, aliyeishi kati ya mwaka 1786 na 1856, anajulikana kwa lakabu zake Chusa na Wandang kuliko kwa jina lake, na hizo ni mbili tu kati ya nyingi alizozitumia. Mtu kuwa na jina la mahali fulani na la kazi fulani lilikuwa jambo la adabu. Kwa hiyo anayesema kwamba jina la pili ni ugeni katika desturi ya Korea hajatazama mbali vya kutosha.

Haya yalikuwa ya wanaume, tena wanaume wenye nafasi. Wanawake wengi wa wakati ule hawakuwa na jina la kuandikwa kabisa. Katika vitabu vingi vya nasaba binti aliingizwa kwa jina la mumewe, na mtaani alijulikana kwa kijiji alikotoka au kwa mtoto aliyemzaa. Wamisionari Wamarekani walipofika mwaka 1885 na kuanza kufungua shule, walikuta wasichana wenye majina ya kuitiwa chakula tu. Ubatizo ukawapa majina ya Biblia. Sisi wa Afrika ya Mashariki tunayafahamu vizuri majina ya namna hii, ya ubatizo na ya shule, na tumezoea kuyalaumu. Kule mambo yalikuwa na sura mbili. Kwa wanawake wengi jina hilo la kigeni ndilo lilikuwa la kwanza lililokuwa lao peke yao.

Mfano ulionigusa zaidi ni wa Kim Jeom-dong. Alisoma katika shule ya wasichana ya Ewha, iliyoanzishwa na Mary Scranton mwaka 1886, akabatizwa Esther, akawa mkalimani wa daktari wa kimisionari, kisha akaenda Marekani kusomea udaktari. Mumewe, Park Yu-san, alikwenda naye, akafanya kazi za mikono ili mkewe asome. Alifariki huko Baltimore mwaka 1900, muda mfupi tu kabla ya mkewe kuhitimu. Mjane yule alirudi kwao akiwa mwanamke wa kwanza wa Korea kuwa daktari wa tiba ya Kimagharibi, akatibu watu kwa miaka kumi hadi kifua kikuu kilipomchukua naye mwaka 1910. Historia inamkumbuka kama Esther Park. Esther ni la wamisionari. Park ni la mumewe kwa desturi ya Kimarekani, maana kwa desturi ya Kikorea mwanamke akiolewa hubaki na jina la ukoo wa baba yake. Katika jina lote hilo hakuna hata silabi moja aliyozaliwa nayo, na sijui kama kuna mtu anayethubutu kusema kwamba jina hilo si lake.

Wanaume nao walikuwapo. Seo Jae-pil alishiriki jaribio la mapinduzi la Desemba 1884, likashindwa, akakimbilia Marekani. Huko aligeuza jina lake kinyumenyume, la mwisho likawa la kwanza, na kutoka Pil, Jae na Seo akaunda Philip Jaisohn. Alipata uraia wa Marekani mwaka 1890 na shahada ya udaktari mwaka 1892. Aliporudi Korea, tarehe 7 Aprili 1896 alitoa toleo la kwanza la gazeti lake la Uhuru, Dongnip Sinmun, lililoandikwa kwa Hangul, herufi za Wakorea wenyewe, badala ya zile za Kichina zilizotukuzwa na wasomi, pamoja na ukurasa wa Kiingereza. Mtu aliyekuwa na jina la kigeni ndiye aliyewapa watu wake gazeti katika herufi zao. Mambo kama haya humvuruga yule anayetaka historia imthibitishie kauli moja tu.

Sasa tufike kwenye jeraha lenyewe. Japani iliitwaa Korea mwaka 1910. Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba mwanzoni watawala hawakutaka Wakorea wajiite majina ya Kijapani. Mwaka 1911 walitoa amri ya kuwazuia, maana mtawala anapenda kumtambua mtawaliwa kwa kumsikia tu. Miaka ya 1930, vita vya China vilipopamba moto na Japani ikahitaji askari na vibarua, hesabu ikabadilika. Mkorea sasa alitakiwa awe Mjapani kamili, katika lugha, katika ibada na katika jina.

Dalili ilionekana mapema. Mwaka 1936 mjini Berlin, Sohn Kee-chung alishinda mbio za marathoni za Olimpiki, akatangazwa kama Son Kitei wa Japani. Hilo ni jina lake lile lile, herufi zile zile za Kichina, zimesomwa Kijapani. Waliomwomba sahihi aliwaandikia jina lake kwa Hangul. Gazeti la Dong-A Ilbo lilipochapisha picha yake baada ya kuifuta bendera ya Japani kifuani, lilifungiwa kwa miezi.

Kisha ikaja amri ya Novemba 1939, chini ya Gavana Mkuu Minami Jiro. Kila kaya ya Kikorea ilitakiwa iwe na jina la familia la mtindo wa Kijapani, na mtu akitaka aliruhusiwa, kwa kulipa ada, kubadili na jina lake binafsi. Uandikishaji ulianza tarehe 11 Februari 1940, siku ambayo Japani iliadhimisha miaka 2,600 ya ufalme wake kwa hesabu za visasili vyao, ukafungwa tarehe 10 Agosti. Serikali ilisema ni hiari. Katika miezi ya mwanzo waliojitokeza walikuwa wachache sana. Ndipo hiari ikaanza kusukumwa. Wakuu wa vijiji walishindanishwa kwa idadi, watumishi wa serikali walitazamwa nani ametangulia na nani anachelewa, na walimu waliwarudisha watoto nyumbani wakawaambie baba zao. Siku ya mwisho ilipofika, takriban asilimia 80 ya kaya zilikuwa zimeandikisha jina jipya. Zile zilizokataa zilihesabiwa kuwa zimelifanya jina lao la zamani kuwa jina la familia kwa mtindo wa Kijapani, hivyo hata kukataa kukawekwa ndani ya daftari.

Watu walifanya walivyoweza. Akina Kim, ambao herufi ya jina lao ina maana ya dhahabu, walijiita Kanemoto, Kaneda au Kaneyama, ili dhahabu ibaki mwanzoni hata kama sauti imepotea. Wengine walichukua jina la mji ambao ukoo wao ulitokea. Wasomi wa sheria hukumbusha kwamba jina la asili la ukoo lilibaki limeandikwa katika safu yake kwenye daftari la serikali. Ni kweli, lakini mtoto haitwi shuleni kwa safu ya daftari. Wapo pia ambao hawakubadili na hawakuguswa: Hong Sa-ik alifikia cheo cha luteni jenerali katika jeshi la Japani akiwa na jina lake la Kikorea. Mwenye cheo aliachwa nalo, na mwenye mtoto shuleni akalitoa.

Mwandishi mmoja wa Kijapani aliyekulia Korea, Kajiyama Toshiyuki, aliandika hadithi ya mkuu wa ukoo ambaye yuko radhi kuwapa watawala mpunga wake lakini si jina lake, hadi wanawe na wajukuu wake walipoanza kuteswa kwa ajili yake. Mwaka 1978 mwongozaji Im Kwon-taek aliitengenezea filamu yenye jina la kile kitabu cha nasaba, Jokbo. Nataja mwaka huo kwa makusudi. Ilikuwa miaka 33 baada ya uhuru, na watu walioketi katika kumbi za sinema walikuwa bado ni wale wale waliopanga foleni za mwaka 1940.

Juu ya wote mimi humfikiria Yun Dong-ju. Alikuwa mshairi kijana, mzaliwa wa mwaka 1917, aliyetaka kwenda kusoma Japani. Bila jina la Kijapani asingepata vibali vya safari. Tarehe 24 Januari 1942 aliandika shairi la kutubu, na siku tano baadaye akapeleka chuoni kwake hati ya kubadili jina kuwa Hiranuma. Alikwenda. Julai 1943 alikamatwa, na Februari 1945 alifia gerezani huko Fukuoka, miezi sita tu kabla ya Japani kusalimu amri. Hukumu iliyomfunga kwa kosa la kutaka uhuru wa Korea iliandikwa kwa jina la Hiranuma. Diwani yake ilichapishwa mwaka 1948 kwa jina alilopewa na wazazi wake, na leo hakuna mwanafunzi wa sekondari nchini Korea asiyemjua.

Tarehe 23 Oktoba 1946 serikali ya kijeshi ya Marekani iliyosimamia kusini ilitoa amri ya kuyafuta majina ya Kijapani na kuyarudisha ya asili. Kwenye karatasi mambo yalikwisha. Wakorea waliobaki Japani hali yao ilikuwa tofauti; wengi wao na watoto wao wameendelea kutumia jina la Kijapani kazini na mtaani, na kuliweka la Kikorea ndani ya nyumba. Hao wanajua kuliko sisi sote maana ya kuwa na jina la kutokea nje.

Kwa historia hiyo, mtu angetarajia kwamba Wakorea wasingekubali tena mtoto wao aitwe jina la kigeni na mwalimu wa kigeni. Mbona walikubali, tena upesi? Sababu ni kwamba Kiingereza kiliingia kwa mlango mwingine. Baada ya Olimpiki ya Seoul ya mwaka 1988 (Sohn Kee-chung, mzee wa miaka 76, aliingia uwanjani na mwenge, safari hii kwa jina lake), raia waliruhusiwa kusafiri nje bila vikwazo kuanzia mwaka 1989. Rais Kim Young-sam akahubiri utandawazi. Mwaka 1997 Kiingereza kikawa somo la lazima kuanzia darasa la tatu la msingi. Zikazuka shule za jioni kila mtaa, na baadaye hata vijiji vya Kiingereza, cha Ansan mwaka 2004 na cha Paju mwaka 2006, ambako mtoto alipita kwenye kibanda cha uhamiaji cha kuigiza na kugongewa muhuri kana kwamba amevuka bahari. Hakukuwa na askari. Wazazi wenyewe ndio waliolipa ada, na jina la Kiingereza likaja kama sare ya shule hiyo.

Hapa ndipo naachana na wanaosema kwamba Kevin wa leo ni Kanemoto wa jana. Kanemoto aliingia katika daftari la serikali, akafuata familia nzima, na aliyemkataa aliadhibiwa kupitia watoto wake. Kevin hadumu zaidi ya saa moja na haandikwi kwenye cheti chochote. Kulinganisha viwili hivyo ni kuwapunguzia heshima wale waliolia mwaka 1940. Ila sikubaliani pia na wale wanaosema hakuna kinachofanana kabisa. Kitu kimoja kinafanana, nacho ni ile orodha ukutani. Mtu mzima mwenye mamlaka anasimama mbele ya mtoto na kumwambia: jina lako linanisumbua, chagua hapa.

Maana sababu inayotajwa sana ni hiyo, kwamba majina ya Kikorea ni magumu kutamka. Nawahurumia walimu, kwani wengine hupewa mamia ya watoto kwa juma moja, na mkataba wao ni wa mwaka mmoja. Lakini ugumu wenyewe umetiwa chumvi. Herufi za Hangul, zilizotangazwa na Mfalme Sejong mwaka 1446, ni 24 za msingi, na mtu mwenye nia huzijua katika siku chache. Silabi ni fupi. Vokali mbili au tatu tu ndizo zinazohitaji mazoezi. Isitoshe, mwalimu huyu anayelemewa na silabi mbili ndiye yule yule anayewataka watoto wazikabili sauti za Kiingereza ambazo lugha yao haina, na hawaruhusu kuchagua nyingine kutoka orodha. Tena Wakorea walikwisha mrahisishia. Park kwa Kikorea ni Pak tu. Hiyo r iliingizwa katika tahajia ili Mwingereza asome vizuri, na matokeo yake ni kwamba mamilioni ya watu wanaandikwa kama bustani ya umma.

Sababu iliyo na nguvu husemwa kwa sauti ya chini, na wanaoisema ni Wakorea wenyewe. Katika Kikorea huwezi kufungua kinywa kabla hujajua nani mkubwa kati yenu, maana kitenzi chenyewe hubadilika. Ukiwaketisha wanafunzi watu wazima duara moja, mama wa miaka hamsini, kijana wa chuo na karani mwenye cheo, wakatakiwa wajadiliane kwa Kiingereza huku wakiitana kwa Kikorea, watanyamaza. Kijana hawezi kumwita mama yule kwa jina lake. Ni kama mimi nimwite mama mkwe wangu kwa jina mbele ya watu. Mwite mama yule Susan, na kijana anaweza kumwambia, "Susan, sikubaliani nawe." Jina la Kiingereza hapo ni ruhusa. Kampuni ya Kakao ililifanya hili kuwa utaratibu wa kazi: wafanyakazi waliitana majina ya Kiingereza bila vyeo, na mwanzilishi wake, Kim Beom-su, aliitwa Brian.

Hata hivyo kuna mtu aliyepata ruhusa hiyo hiyo bila kugusa jina la yeyote. Kocha Mholanzi Guus Hiddink alipoiandaa timu ya taifa ya Korea kwa Kombe la Dunia la mwaka 2002, aliona wachezaji vijana wanapoteza muda uwanjani wakitafuta maneno ya heshima ya kumwita mkubwa ampe pasi. Akaamuru kwamba ndani ya uwanja waitane kwa majina tu, yale yale ya Kikorea. Wakacheza nusu fainali.

Basi mimi msimamo wangu ni huu. Mwanafunzi akija na jina lake la Kiingereza, mwalimu alipokee bila kumhubiria habari za ukoloni. Huenda amelichagua kama Chusa alivyochagua lakabu zake, na huenda linamfungua kinywa. Asiye nalo asipewe. Na kabla ya yote mwalimu ajifunze lile la nyumbani, alikosee, asahihishwe na mtoto mbele ya darasa. Katika Kiswahili neno somo lina maana mbili: linalofundishwa, na mtu mnayeshiriki naye jina. Nadhani waliotuachia neno hilo wasingeona ajabu kipindi cha kwanza kikipotea kwenye majina.

Nilimfundisha wakati mmoja binti wa Kikorea aliyekuja kufanya kazi ya kujitolea kwetu. Alijitambulisha kwa jina la Grace. Wenzake wa hapa, kwa ukarimu, walikwisha mpa la Kiswahili, Neema, naye alifurahi nalo. Nilimwuliza la kwao.

"Eun-hye, mwalimu," akasema. "Maana yake ni hiyo hiyo, neema. La Kiingereza alinichagulia mama nilipoanza shule ya jioni, alitafsiri tu."

Babu yake, aliniambia, alikuwa na la Kijapani hadi akiwa na miaka minane, na hakuwahi kumtajia mtu yeyote nyumbani lilikuwa lipi.

Vokali ile ya kwanza haimo katika lugha yetu. Midomo haikunjwi kama tunavyosema u, na ulimi unabaki nyuma. Nilijaribu mara nne, yeye akitikisa kichwa na darasa likicheka, na ya tano akasema inatosha. Wiki iliyofuata niliona jalada la daftari lake. Alikuwa amefuta Neema, akaandika jina lake kwa Hangul, na chini yake kwa herufi zetu, kama nilivyolitamka mimi: Unhye.